‘Watu wote mnakaribishwa’... kasoro dada yangu?

JAMANI, baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba haina adabu. Upepo unashuka toka milima ya Mbizi, unapita mitaani bila hodi, unakukuta umejikunyata na koti lako la mtumba ukisubiri chai ya rangi ichemke. Ninyi wa Dar mkisikia Sumbawanga mnawaza uchawi tu. Tunawajua! Mtu ukijitambulisha kwamba umetoka kwetu, msichana uliyekuwa unapiga naye stori anasogeza kiti nyuma kidogo. Wakati wazee wetu wanasema jina lenyewe maana yake ni “tupa uchawi”. Yaani mji umejengwa juu ya kuutupa, ninyi mnadhani tunaulima shambani pamoja na mahindi.

Lakini leo sikuja na habari za wanga. Nimekuja na kisa cha dada yangu na tamasha, kisa ambacho mpaka leo kikinijia usiku nageuka upande wa pili wa kitanda.

Ilikuwa Julai 2024. Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu na maspika mawili juu, likipiga kelele kwamba kutakuwa na tamasha la utamaduni siku mbili, ngoma za asili, vyakula vya asili, vyombo vya kale, kiingilio bure. “Watu wote mnakaribishwa! Wakubwa kwa wadogo, wazee kwa vijana, watu wooote!”

Dada alikuwa uani anachambua maharage. Akainua kichwa. “Amesema watu wote?”

“Ndiyo dada.”

“Basi na mimi nimo.”

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nikacheka, nikadhani anatania.

Hapa niwape historia kidogo. Dada yangu ana umri unaomfaa mtu kuitwa sista du, na alikuwa hivyo kweli. Mwaka 2016 alidondoka toka juu ya lori la magunia ya mahindi, wakitokea Bonde la Rukwa. Uti wa mgongo ukaumia. Toka siku ile miguu haifanyi kazi, anatembelea kiti cha magurudumu. Na kwa kuwa ni Sumbawanga, majirani hawakukubali kwamba lori lilipita kwenye shimo. Lazima kuna mkono wa mtu! Wengine walitutajia hadi jina la mwenye mkono. Dada alikuwa akiwajibu, “Mkono ulikuwa wa dereva, na ulikuwa umeshika simu.”

Kabla ya hapo alikuwa anapiga nsimba. Kwa wasioijua, nsimba ni ngoma ya akina mama wa Kifipa, ile ya chungu na kigoda. Unakichezesha kigoda juu ya chungu kilichofunikwa mdomo chini, kinanguruma mpaka unahisi mbavu zinatetema. Bibi mzaa mama alimfundisha tangu akiwa darasa la tatu, wamekaa mkekani. Mimi niliwahi kujaribu, nikapasua chungu, nikafukuzwa.

Sasa sikilizeni. Nsimba ya bibi ilikuwa inapigwa umekaa! Miguu haihitajiki. Kwa miaka yote ile baada ya ajali, hakuna aliyekumbuka jambo hilo, nikiwemo mimi mwenyewe ninayejifanya msomi.

SAFARI YA KITI

Siku ya pili ya tamasha, Jumapili, tulitoka saa tatu asubuhi. Niligundua hakunywa chai. Nikamuuliza, akasema hana hamu. Chapati alikula nusu, kavu. Nikapita hapo juu juu kama wanaume tunavyopita.

Bodaboda haiwezi kubeba mtu na kiti. Tukatafuta bajaji. Wa kwanza alipoona kiti akakanyaga mafuta. Wa pili akasema abiria elfu tatu, kiti ni mzigo, ongeza elfu. Nikaanza kubishana naye. Dada akaninyamazisha: “Lipa twende. Hii miguu yangu mimi huwa nailipia nauli kila siku.” Yule kijana wa bajaji akacheka, halafu akaona aibu, halafu akapokea elfu yake vilevile. Hayo ndiyo maisha.

Tukafika. Uwanja umefurika, vumbi limeshika anga, harufu ya migebuka ya kukaanga na ugali wa ulezi. Raha tupu. Getini wameweka mbao na magogo ili watu wapite mmoja mmoja kwa ubavu. Nafasi yenyewe mtu mnene anavuta pumzi kwanza. Geti kubwa la magari lipo pembeni, limefungwa kwa mnyororo. Nikamwomba mlinzi afungue.

“Hilo ni la wageni wa meza kuu.”

“Na sisi ni wageni.”

“Ufunguo hayupo nao mtu hapa, bro.”

Basi wakatokea vijana wanne, wana mioyo mizuri kabisa, sisemi uongo. Hawakumuuliza dada chochote. Mmoja kashika gurudumu, mwingine mgongo, mwingine kashika mguu, hoyaaa, juu! Dada akapita hewani juu ya magogo kama jeneza. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe baadaye. Mimi wakati ule nilikuwa natabasamu na kutoa shukrani. Nilijiona ndugu wa mfano.

Ndani ardhi ilikuwa imetoka kusawazishwa, mchanga laini na vifusi. Magurudumu madogo ya mbele yanazama. Ikabidi nimgeuze nimvute kinyumenyume, yeye anatazama tulikotoka, tamasha liko mgongoni mwake. Watu wakawa wananipa pole mimi.

Kilichofuata ndicho kilichoniumiza. Emsii alituona. Akasimamisha muziki. “Jamani mnaona? Hata walemavu wetu wamekuja! Mpigieni makofi dada yetu, asogezwe mbele kabisa, apewe soda!” Uwanja mzima ukageuka. Simu zikainuliwa juu. Dada akasogezwa mbele ya meza kuu, akawekewa soda mkononi. Watoto wakasimama mbele yake, wakawa wanamtazama yeye badala ya ngoma.

Akaniita kwa kidole. Nikainama. Akaniambia taratibu sana, “Mdogo wangu, niondoe hapa. Nilikuja kutazama, sikuja kutazamwa.”

JEMBE LA MZEE

Nikamvuta hadi kwenye mabanda ya vyombo vya kale. Hapo palikuwa na miti, ardhi ngumu, na kiti kinatembea. Akapata raha yake ya kwanza.

Meza moja ilikuwa na vyuma vya zamani. Ninyi vijana wenzangu mnaojua simu za kisasa, mnajua kwamba Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma wenyewe? Walijenga tanuri za udongo zinazoitwa malungu, ndefu kuliko mtu, zinajivutia hewa zenyewe bila kupulizwa na mivukuto. Chuma kikitoka hapo kinaingia tanuri dogo la pili kusafishwa, ndipo mhunzi anatengeneza jembe, shoka na mikuki. Kazi ile ilikufa katika karne ya 20 baada ya majembe ya madukani kuingia. Baadhi ya malungu bado yamesimama porini huko Ufipa mpaka leo.

Mezani palikuwa na karatasi: USIGUSE. Mbele yake alisimama mzee mmoja ameshikwa mkono na mjukuu. Mzee haoni. Mjukuu anamwelezea: “Kuna jembe, babu. Kubwa. Jeusi.” Mzee anaitikia “eeh, eeh”, kama mtu anayesimuliwa harusi ya jirani ambayo hakualikwa.

Mama aliyekuwa anasimamia ile meza akatazama kushoto na kulia, akaichukua ile karatasi akaigeuza kifudifudi. Akambebesha mzee jembe mikononi. “Shikamoo mzee, lishike.”

Mzee alilipima uzito. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akaligonga kwa kucha, akalinusa! Kisha akasema, “Hili ni la kwetu. La dukani halilii hivi.” Akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyokuwa na jembe la namna hiyo, mahari ya mama yake. Tukajikuta watu kama kumi tunamsikiliza. Dakika moja iliyopita hatukuwa tunamwona.

Kitendo kile hakikugharimu hata shilingi. Kiligharimu kugeuza karatasi.

Pembeni palikuwa na vijana watatu viziwi wanaongea kwa mikono. Jukwaani mzee wa mila alikuwa anaeleza asili ya watawala wa Ufipa, watu wanacheka, wanapiga makofi. Wale watatu walikuwa wanatazama midomo, wanatazamana, wanapandisha mabega. Baada ya muda wakaondoka. Hawakufukuzwa na mtu. Lakini nani alikuwa amewakaribisha?

NSIMBA

Saa sita na nusu hivi tukasikia mngurumo. Dada akakaza shingo. “Chungu!”

Akina mama wa nsimba hawakupanda jukwaani, walitandika mikeka chini ya mti. Tukasogea. Mmoja wao, mtu mzima, kitenge kifuani, akamwona dada anavyotikisa kichwa kwa kupatia mapigo. Hakumpa pole wala hakumuuliza amepatwa na nini. Alimuuliza kitu kimoja tu: “Mwanangu, unakijua?”

“Bibi alinifundisha.”

“Unataka tukushushe vipi?”

Nilishtuka. Toka asubuhi ile, yule mama ndiye wa kwanza kumuuliza anatakaje. Dada akaelekeza: wewe hapa, wewe pale, mgongo uegemee kiti kilichofungwa breki. Tukamshusha mkekani. Akapewa kigoda.

Wiki mbili za kwanza za kujifunza baiskeli huwa hazisahauliki, na mikono yake haikuwa imesahau. Mwanzo alikwaruza, akasimama, akajifuta viganja kwenye sketi. Kisha chungu kikanguruma. Nikamtazama usoni. Nilikuwa sijaiona sura ile kwa miaka minane, mpenzi msomaji, na tunakaa nyumba moja. Watu walizunguka mkeka, na safari hii hawakuwa wakitazama magurudumu. Waliangalia mikono.

Alipiga nyimbo mbili. Wakati wa wimbo wa tatu unaanza akaniita tena kwa kidole.

“Twende nyumbani.”

“Sasa hivi? Ndiyo kwanza kumekolea!”

“Nimesema twende.”

Nikakasirika. Kweli kabisa, nilikasirika, nikamwambia mbona una visirani. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini ili akina mama wasisikie: “Nataka kujisaidia.”

Nikakimbia kutazama vyoo. Vilikuwa viwili, vya mabati, vya shimo. Mlangoni kuna kizingiti cha matofali manne. Mlango wenyewe kiti hakipiti hata ukikisukuma kwa jazba. Ndani ni tundu tu na matope, hakuna pa kushika.

Hapo ndipo nikaelewa ile chai. Hakunywa toka jana yake usiku! Soda aliyopewa mbele ya meza kuu alikuwa ameishika tu, haijafunguliwa. Kumbe kila harusi, kila msiba, kila kanisani, dada huwa anashinda na kiu, na sisi tunasema “huyu haendekezi tumbo”. Miaka minane! Nikajiona mjinga wa mwisho.

Tukaondoka saa saba na nusu. Kufunga tamasha ilikuwa saa kumi na mbili. Tukiwa kwenye bajaji tulikuwa bado tunasikia chungu kwa mbali.

HOJA ZA WAKUBWA

Kesho yake nilikwenda kumwona mmoja wa waandaaji. Sitamtaja. Alinisikiliza vizuri, akanipa na kiti. Kisha akasema: “Kijana, haya ni mambo ya asili. Wazee wetu hawakuwa na hizo njia za viti. Tukianza kubadilisha, urithi utabaki wapi?”

Sikuwa na jibu. Nikampelekea dada ile hoja nyumbani. Akajibu bila kuinua kichwa: “Wazee walikuwa na jenereta? Walikuwa na maspika? Viti vya plastiki vya meza kuu ni vya chifu gani?”

Mwanawane! Nikabaki mdomo wazi.

Nikaanza kusoma, maana hasira bila kitabu ni kelele. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara yake ya 30 inazungumzia utamaduni na burudani waziwazi: majumba ya maonyesho, makumbusho, utalii, na kumbukumbu za taifa. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo dada hakuomba fadhila ya soda. Na sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa namna fulani. Hesabu wenyewe: kila watu tisa, mmoja. Uwanja wenye watu elfu moja hapo si mmoja wa kupigiwa makofi, ni zaidi ya mia.

Na sisi tunapenda msanii mwenye ulemavu, tatizo letu ni mtazamaji. Waulizeni wazazi wenu kuhusu Mzee Morris Nyunyusa. Hakuwa anaona, na alikuwa anapiga ngoma nyingi kwa mpigo mmoja. Mdundo wake ndio ulikuwa ukifungua taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Nchi nzima ilikuwa inasimamisha kijiko ikisikia ngoma ya mtu asiyeona! Sasa huyo huyo angekuja tamashani kama mgeni wa kawaida, angesomewa karatasi ya USIGUSE.

Sisemi kila kitu kilainishwe. Maporomoko ya Kalambo, pale mpakani na Zambia, yanaanguka zaidi ya mita 200. Hakuna mwenye akili atakayedai yawekewe mteremko. Dada mwenyewe anasema chini hataki kushuka, hata wenye miguu mizima wanarudi wanatweta. Lakini pale juu, pa kutazamia, papitike. Na getini, na chooni.

Tena tukitaja Kalambo, nina neno. Septemba 2023 watafiti walitangaza kwamba upande wa Zambia wa maporomoko hayo walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale, miaka isiyopungua 476,000 iliyopita. Wanadhani huenda yalikuwa sehemu ya jukwaa, au njia ya kupitia juu ya ardhi yenye maji. Umeipata hiyo? Karibu miaka nusu milioni nyuma, jirani na Ufipa, kabla hata ya binadamu wa aina yetu, kuna kiumbe alikaa akafikiri namna ya kuweka magogo ili mwenzake apite. Mwaka 2024 sisi tumeweka magogo getini ili watu wasipite!

MBAO MBILI

Niliporudi kwa yule mwandaaji mara ya pili sikwenda na malalamiko. Nilikwenda na futi kamba na karatasi. Kanuni ni nyepesi: kila sentimita moja ya kimo, weka sentimita kumi na mbili za urefu wa mteremko. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka ubao wa mita 1.8. Mlango wa choo uwe sentimita 90. Ndani, bomba moja la kushika na kiti chenye tundu, fundi wa mtaani anatengeneza kwa siku moja. Mkalimani wa lugha ya alama asimame pembeni ya emsii. Meza moja ya vyombo vya kugusa. Na emsii afundishwe kufunga mdomo.

Alicheka hapo mwisho, lakini aliandika. Kama ataandika na kwenye bajeti, sijui. Mwezi wa tisa mwaka uleule Tamasha la Kitaifa la Utamaduni lilifanyika Songea, baada ya Dar es Salaam 2022 na Njombe 2023. Dada alifuatilia habari zake redioni siku zote, akasema, “Siku likija kwetu nitapiga nsimba. Wajenge choo tu.”

Sisi hatukusubiri. Seremala wa mtaani katutengenezea mbao mbili za mita 1.8, zimepigiwa vipande vya raba zisiteleze. Tukitoka zinakwenda juu ya bajaji pamoja na kiti. Dereva bado anadai elfu ya mzigo.

Na wewe unayesoma hapa, najua uko kwenye kamati ya harusi ya mtu. Mmeshakodi ukumbi ghorofa ya tatu, hauna lifti, picha zitatoka bomba sana. Kabla hamjalipa hela ya mwisho, shuka kakague choo. Pima mlango. Halafu mtafute yule shangazi au yule mshikaji wenu ambaye “huwa haji kwenye sherehe”, umuulize ana kiu kiasi gani.

Mimi dada yangu nilimuuliza baada ya miaka minane. Alinijibu hivi: “Ungeuliza mapema, ningekunywa chai.”